Kitalu Kilichobaki na Sifa Moja

Kabla dada hajaja na laptopu yake, kompyuta ya kikundi nilikuwa mimi. Sijisifu, uliza mtu yeyote wa kisiwa chetu cha Juani. Maji yakikupwa, kina mama wakishuka pwani na kamba zao begani, nilikuwa nasikia naitwa kutoka kila upande.

"We mwanangu, kitalu changu kinaishia wapi? Hapa, au kule kwenye mkondo?"

"Kinaishia kwenye jiwe lenye chaza, mama. Usijiongezee."

Wanacheka, wananitukana kidogo, kazi inaendelea. Vitalu arobaini na viwili vya mwani, na changu kikiwemo: nani mwenyewe, ana kamba ngapi, anapanda mwani gani, jirani yake nani, na nani hasemeshani na jirani yake, tena kwa sababu gani. Vyote vilikuwa kichwani mwangu, na kichwa chenyewe kimeishia darasa la saba.

Halafu akaja dada.

Dada yangu huyu ni mtoto wa mama mkubwa. Mama zetu walihamia Bara zamani, mimi naye, wasichana wawili, tukalelewa nyumba moja na mama mdogo, ambaye Mungu hakumjaalia mtoto wa kumzaa, akatufanya sisi ndio wake. Tumelala kitanda kimoja, tumegombania shuka moja. Mtihani wa darasa la saba tumefanya siku moja, yeye dawati la mbele, mimi la nyuma yake, na hata kumwibia nilishindwa kwa sababu alikuwa anaziba karatasi kwa mkono. Akafaulu. Mimi nikafaulu kufunga mwani.

Miaka ikapita, akasoma kompyuta Dar, akarudi na mradi. Mradi ulitaka kila kitalu kiandikwe kwenye databesi iliyoko mawinguni, na mtu aliyepatikana wa kuiandika ni yeye, kwa kuwa ana cheti na kazaliwa hapahapa. Alishuka kwenye boti kashika viatu mkononi na begi la laptopu kichwani, anatembea kama kabeba trei la mayai. Siku hiyohiyo Mama Mwenyekiti wa kikundi akamtambulisha mbele ya kina mama wote:

"Jamani, huyu ndiye mtaalamu wetu."

Halafu akaniona nimesimama pembeni na kalamu yangu sikioni. Akafikiri kidogo.

"Na huyu… huyu ni wetu tu."

Huyu ni wetu tu! Nilirudi nalo nyumbani neno hilo kama mwiba kwenye unyayo. Nikifika, namkuta mtaalamu kakaa juu ya mkeka mpya anakunywa chai kwenye kikombe cha maua. Kikombe kile nimekiona kabatini tangu nina meno ya utoto. Nilishawahi kukiomba mara moja nikiwa na homa, mama mdogo akaniambia homa haichagui kikombe.

Basi mimi wivu niliukaribisha ndani, nikaupa na kiti. Kila alichofanya dada kiliniuma. Anavyosema "sawa sawa" mara mbili mbili kama mara moja haimtoshi. Anavyokaa, laptopu imewekewa mto na mimi nimekaa sakafuni. Kina mama waliokuwa wananiita mimi, sasa wanaita "mtaalamu! mtaalamu!" hata kuuliza saa. Na daftari la kikundi, lile nililoliandika kwa mkono wangu, Mama Mwenyekiti akasema halina kazi tena, mambo yote yako mawinguni. Wiki iliyofuata nikanunua vitumbua viwili, nikafungiwa kwenye ukurasa wa kitalu namba tisa.

Mradi ulinipa na mimi kazi, nisije nikasema uongo. Walinipa simu na kandambili ngumu za kutembelea kwenye mawe. Nitembee vitalu vyote, niingize habari kwenye simu, na dada atengeneze kurasa za kuingizia. Yaani mimi miguu, yeye kichwa.

Mtandao kijijini kwetu ni wa kubahatisha. Unaoshika vizuri uko Kua, kwenye magofu ya mji wa kale. Ule mji, wenyewe walishakufa wote zamani, wana mtandao, na sisi tulio hai tunapunga simu hewani kama tunafukuza nzi. Basi tulikuwa tunakwenda huko asubuhi, tunakaa kwenye kivuli cha ukuta wa jumba moja kubwa, na dada ananifundisha.

Alisema anatumia maktaba. Nikachungulia kwenye begi lake, hamna hata kitabu.

"Maktaba ni amri zilizoandikwa tayari na wajuzi," akasema. "Mimi naziita tu. Chukua. Weka. Futa. Zenyewe zinajua njia ya kwenda mawinguni."

"Kama mimi na wewe. Unaniita tu, lete maji, lete kiti."

"Ndiyo, ila zenyewe hazijibu."

Halafu akanielekeza. Kila kitalu ni rekodi. Kila rekodi ina ufunguo, na ufunguo wa kitalu ni namba yake, haubadiliki mpaka kiama. Ndani ya rekodi kuna sifa.

"Sifa kama za mchumba?"

"Sifa kama zako. Mdomo: mrefu. Kazi: kidogo."

Kitalu alikipa sifa sita: mwenye, mlimaji, idadi ya kamba, aina ya mwani, mahali, na jirani. Mwenye ni yule ambaye kikundi kimempa. Mlimaji ni yule anayeshuka majini, mara nyingi ni huyohuyo. Nilizishika zote kabla hajamaliza kusema, maana ndizo nilizokuwa nazo kichwani siku zote, mimi sikujua tu kwamba zinaitwa sifa.

"Sasa sikiliza vizuri," akasema, "maana hapa ndipo watu wanapoharibu. Ukitaka kubadilisha sifa moja, huipeleki hiyo moja peke yake. Unaichukua rekodi nzima, unabadilisha pale unapotaka, unairudisha nzima. Ukipeleka moja tu kwa ufunguo uleule, itakaa hiyo moja, na zilizokuwemo zinaondoka zote."

"Zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote. Hazipo."

Nikaelewa. Ni kama mtu katumwa abadilishe mto, akatoa kitanda kizima nje na kuuacha mto sakafuni. Nikamwambia hivyo. Akacheka sana, akasema mfano huo mzuri kuliko wa mwalimu wake. Nilifurahi, kisha nikajikasirikia kwa kufurahi.

Siku nyingine akanionyesha kwamba rekodi si lazima zifanane. Moja inaweza kuwa na sifa ambayo nyingine haina, na kutokuwa nayo si sawa na kuwa nayo ikiwa tupu. Akatengeneza rekodi za watu kwa mfano, yangu na yake. Yangu akaandika jina, umri, elimu. Kwenye elimu akaandika: msingi. Yake akaandika jina na umri tu, elimu hakuweka kabisa.

"Mbona wewe huna?"

"Nakuonyesha tu. Sasa panga watu kwa elimu uone."

Nikabonyeza. Nikatokea mimi peke yangu.

"Umeona? Isiyo na hiyo sifa haipangiki, kwa hiyo haitokei kwenye orodha. Ipo, ila orodha haiioni. Mpaka uifungue kwa ufunguo wake."

Nikamwambia, "Basi leo nimeongoza darasa kwa mara ya kwanza maishani mwangu." Tukacheka wote wawili. Lakini usinidanganye, yeye angeweza kuchagua sifa nyingine yoyote ya mfano. Angechagua urefu, kwa urefu mimi namshinda. Akachagua elimu. Nilikaa na hilo neno "msingi" mpaka tunarudi, kwenye njia ya mikoko sikusema hata neno moja, na mimi nikinyamaza watu huwa wanadhani nimeumwa na nyoka.

Wakati huo ndipo baba mdogo alipofariki, mume wa mama mdogo. Alilala mchana, mzima wa afya, alasiri wakamwamsha aswali, hakuamka. Hilo sina mzaha nalo.

Mama mdogo akaingia eda. Kwetu mwanamke aliyefiwa anakaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura, na kushuka pwani kufunga mwani si dharura. Na mwani hauna habari ya msiba. Kikundi kina sheria yake: kitalu kisipohudumiwa kwa bamvua mbili za maji makubwa, kama mwezi hivi, kinapewa mtu mwingine, maana sehemu nzuri ni chache. Kitalu namba kumi na saba cha mama mdogo kiko nyuma ya fungu la mchanga, mahali ambapo mawimbi yanapita kwa adabu. Kila mtu anakitamani. Yeye mwenyewe kakipigia vigingi vya kwanza kabla sisi hatujaanza shule, na kitalu hicho ndicho kilichotuvisha sare sisi wote wawili.

Aliniita chumbani siku ya tatu. Alikuwa kakaa kitandani, kajitanda kaniki nyeusi ya msiba.

"Nani atanishikia kumi na saba?"

"Mimi, mama."

"Dada yako?"

"Dada hajui kufunga fundo la kiatu."

Akatabasamu kidogo, ndiyo mara ya kwanza tangu msiba. "Basi ushike wewe. Nikitoka nikikute. Sina kingine mimi."

Sina kingine mimi. Alisema hivyo, nikasikia kwa masikio yangu, na bado nikafanya nililolifanya.

Dada alikuwa uani, analia. Hata kulia alinizidi, analia kimyakimya kwa nidhamu, mimi nikilia mbuzi wanakimbia. Akafuta macho akasema mlimaji wa kumi na saba lazima abadilishwe leo kwenye databesi, isije ikahesabika hakina mtu. Mpaka siku hiyo hakuna mama aliyewahi kubadilisha mlimaji, kwa hiyo ukurasa wa kubadilisha mlimaji haukuwepo. Akauandika palepale, kakaa juu ya kinu, watu wanaingia na kutoka kutoa pole, anaitikia "tumeshapoa" huku vidole vinakimbia. Kisha akafunga laptopu tukakimbia wote Kua, akaniambia nijaribu kwenye simu. Nikafungua kumi na saba, mlimaji nikaweka jina langu, nikabonyeza kuseivu. Ikaandika: imehifadhiwa.

"Alhamdulillahi," akasema dada. Akapanda juu kwenye gofu la msikiti kusimama peke yake.

Mimi nikafungua tena kumi na saba nijione jina langu. Binadamu anapenda kujiona. Nikakuta mlimaji: mimi. Basi. Mwenye, hakuna. Kamba, hakuna. Mwani, mahali, jirani, hakuna. Mto uko sakafuni, kitanda hakipo.

Nikafungua orodha ya kikundi, ile inayopangwa kwa jina la mwenye. Nikahesabu mara mbili. Arobaini na moja.

Nilielewa sekunde ileile. Yule aliyenifundisha kuchukua nzima na kurudisha nzima, kwenye ukurasa wake kapeleka moja. Kakosea pale pale aliposema watu wanaharibu! Mtaalamu! Mwenye cheti! Na aliyeona ni wa darasa la saba.

Ilikuwa kazi ya kumwita tu. Alikuwa hatua ishirini kutoka nilipokaa, mgongo wake nauona. Badala yake nikapiga picha ya kioo cha simu, nikaihifadhi, nikaweka simu kwenye mkoba.

Nilikuwa na mpango. Mkutano wa kikundi ulikuwa umebaki siku tisa. Siku hiyo dada angesoma orodha mbele ya kina mama wote, na mimi ningenyanyua mkono taratibu, kama sijui kitu. "Samahani mtaalamu, mbona kumi na saba sikisikii?" Angehangaika. Angetoka jasho. Kisha ningetoa picha yangu na kumfundisha, mbele ya watu, habari ya mto na kitanda. Mama Mwenyekiti angesema, kumbe huyu wetu ana akili. Nilijipangia mpaka kanga nitakayovaa.

Siku tisa hizo nilimtumikia dada kuliko mtumwa. Nilimchotea maji. Alisema, "Mdogo wangu umekuwa mwema tangu msiba." Nikasema, "Kawaida tu." Usiku nalala fofofo. Ni asubuhi tu, nikishuka kumi na saba kufunga kamba za mama mdogo, ndipo sitaki hata kutazama vigingi vyake. Nikawa nafunga haraka haraka.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la kuanikia. Kina mama wamekaa chini, miguu imenyooshwa, mwani umesukumwa pembeni na harufu yake imekaa katikati kama mwalikwa. Dada akasimama akasoma orodha. Alisoma vizuri, kila mtu akijisikia anaitikia "nipo!" kama shuleni. Akafika mwisho. Mimi nikavuta pumzi, mkono ukaanza kupanda.

Mwenzangu akaniwahi. Alikuwa mama mmoja wa upande wa kaskazini, mchanga umemfukia kitalu chake chote, bamvua tatu hana pa kufunga kamba. Ni mtu mwema, hana makuu.

"Mama Mwenyekiti, kile cha nyuma ya fungu hakikusomwa. Kama hakina mtu, mimi naomba. Kamba zangu zinaoza ndani."

"Kumi na saba? Kile si cha huyu aliye eda?"

"Basi kisomwe."

Dada akatazama laptopu. Rekodi zote alikuwa kazishusha asubuhi kule Kua. "Kwenye orodha hakimo," akasema, na uso wake ukabadilika rangi. Akakifungua kwa namba. Akasoma mara mbili. Akanitazama mimi.

"Kina nini?" akauliza Mama Mwenyekiti.

"Kina mlimaji tu."

"Nani?"

Akataja jina langu.

Nakwambia, vichwa vyote vya banda vikanigeukia. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hili. Mimi niliona jina la mama mdogo halipo, nikafikiri watu wote wataona kosa la dada. Sikufikiria kwamba jina lililobaki peke yake ni la kwangu.

"Subhanallah," akasema mmoja nyuma. "Mwenzake yuko kwenye kaniki, huyu kashajiandika."

"Jamani, mimi…"

"Kamfuta mama yake!"

"Na mdomo wote ule. Kumbe mdomo ni wa kufichia mkono."

Mama Mwenyekiti akapiga kofi moja chini, wakatulia. Akamgeukia dada. "Mtaalamu, nani anaweza kubadilisha humu?"

"Mimi," akasema dada, polepole. "Na mwenye simu."

"Wewe ulifuta?"

"Mimi sikufuta. Mimi nilitengeneza ukurasa wa kubadilisha mlimaji. Aliyebonyeza ni yeye." Sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo iliyoniua. Ilikuwa ya mtu anayeomba akanushwe. "We mdogo wangu. Ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu! Waulize hao, muulizeni mtu yeyote, kumi na saba ni cha mama mdogo, kamba thelathini, mwani mwembamba ule wa kahawia, jirani yake kusini…"

"Mtuhumiwa hawi shahidi," akasema Mama Mwenyekiti. "Daftari liko wapi?"

Daftari watu walishalila na vitumbua.

Basi akasema maneno ambayo sitayasahau. Akasema, kwa kuwa mwenye hayumo kwenye kompyuta, na daftari hakuna, na yeye hataki ugomvi wa wizi ndani ya kikundi wakati mfiwa hawezi kuja kujisemea, kumi na saba kitapewa kwa muda huyu mama aliyefukiwa na mchanga. Mambo mengine yatazungumzwa eda ikiisha. Yule mama akainama, hakufurahi hata yeye. Kila mtu pale anajua kwa muda maana yake nini. Ukishatoa vigingi vya mtu, yeye akirudi anakuta vya mwenzake.

Sauti ya mama mdogo ikanijia: sina kingine mimi.

Picha ilikuwa mkobani. Nikiitoa, wataona siku na saa, wataona kilivyoharibika dakika ileile ukurasa ulipotumika mara ya kwanza, wala si mkono wa mtu. Na wataona pia kwamba nimekaa nayo siku tisa. Yaani picha moja inanitoa wizi na kunivisha kingine. Nilifikiria nifanyeje, na nikwambie ukweli, sikufikiria haraka. Mama Mwenyekiti alikuwa keshaanza jambo la pili, la nani katia maji kwenye mwani mkavu, ndipo nikasimama.

"Dada, tazama hii."

Akaitazama. Sikuhitaji kumweleza, alisoma kama mtu anayesoma jina lake. Mkono ukaenda mdomoni.

"Nilipeleka moja," akasema. Kisha akawageukia kina mama. "Ni kosa langu mimi. Ukurasa nimeuandika vibaya, umefuta kila kitu ukaacha mlimaji. Hajaiba. Alibonyeza alipoambiwa abonyeze."

Minong'ono ikaanza, ikageuka upande mwingine, nikaisikia inavyomwendea yeye. Hapo ndipo nilipokuwa napataka siku tisa zote. Mtaalamu kakosea, kina mama wote wanamtazama, jasho analo.

Haikuwa tamu hata kidogo. Ilikuwa kama kula embe bichi uliloliiba kwa kukimbizwa.

Halafu akainama tena kwenye simu, akaona saa. "Hii ulipiga lini?"

"Siku ileile."

"Tukiwa Kua?"

"Ndiyo."

"Mimi nikiwa pale msikitini."

"Ndiyo."

"Na hukuniita."

Nilitafuta kichekesho. Wallahi nilitafuta, mimi huwa sikosi. Nikasema, "Nilitaka uaibike." Likatoka hivyohivyo, bila nguo.

Mama mmoja akasema "Eeh!" kama mtu aliyekanyaga maji ya moto. Hakuna aliyecheka.

Dada akanirudishia simu. Akakaa chini, akaweka laptopu mapajani bila mto, akaanza kuurekebisha ule ukurasa. Alipomaliza akasema, bila kunitazama: "Kumi na saba. Mwenye?"

Nikataja jina la mama mdogo.

"Kamba?"

"Thelathini."

Akauliza zote, nikajibu zote, na kila jibu Mama Mwenyekiti anawauliza majirani wa kitalu, ni kweli? Wanasema kweli. Kwenye jirani wa kusini mwenyewe akanyoosha mkono. Sifa sita zikakamilika, zikabaki kupandishwa tu mawinguni kutoka Kua. Kisha dada akaongeza ya saba, ambayo kitalu kingine chochote hakina: eda, na tarehe inapoisha. Akamwambia Mama Mwenyekiti, chenye sifa hii kisiguswe na mtu. Mama Mwenyekiti akasema kisiguswe. Yule mama wa kaskazini nikamwambia achukue upande mmoja wa kitalu changu mpaka mchanga uhame. Sijui wema ulinitokea wapi. Nadhani ulikuwa hofu.

Simu nikanyang'anywa. Akapewa mke wa mtoto wa Mama Mwenyekiti, msichana mpole, hasemi sana. Mimi nikabaki miguu mitupu: natembea naye, namtajia, anaandika. Kwa hiyo sasa nina wivu na watu wawili.

Nilikwenda kumwambia mama mdogo mwenyewe kabla hajaambiwa. Nikachelewa, kina mama wakienda kutoa pole wanafika haraka kuliko mtandao wa Kua. Nikapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Siku tisa?"

"Tisa."

"Ulikuwa unashuka kufunga kamba zangu kila siku, na unajua?"

"Ndiyo, mama."

Nilisubiri anifukuze, nilishafunga na nguo zangu mbili kwenye kanga.

"Ni kikombe, eti?" akasema.

Nilishangaa kajuaje.

"Nilikificha kwa sababu ulivunja vingine vyote vitano. Ulikuwa na miaka sita." Akajilaza, akanipa mgongo. "Maji kesho yanakupwa saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Basi ukafunge. Na umpeleke dada yako. Aone kazi."

Asubuhi tukashuka, mimi mbele, dada nyuma, hatusemeshani. Maji ya magoti. Nikampa kamba yake, mimi yangu, tukaanza kufunga mwani pale kumi na saba, kila mmoja upande wake. Anafunga polepole, ulimi nje, kama anavyokuwa kwenye laptopu. Nikachungulia fundo lake la kwanza. Hovyo. La pili hovyo zaidi. Maji yakirudi kwa nguvu, mwani wote ule ungeondoka kwenda zake kisiwa cha Jibondo, na yeye kesho angekuta kamba tupu, na watu wangemcheka.

Nilisubiri kidogo kwanza. Sisemi uongo, nilisubiri mpaka fundo la tano.

"Dada," nikasema. "Mafundo yako yatafunguka."

Akasimama wima, maji yanamchuruzika viwikoni. "Yote?"

"Yote. Njoo nikuonyeshe."